Waya wa Kijani Niliosema Ukatwe

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Je, magoti yamepoa? Usingizi unapata? Na hapo Kanyangi mvua imefika ama bado mnaangalia mawingu tu? Mimi mwili uko salama, kazi ya nyumba huku Uarabuni inaendelea. Moyo ndio hauko salama. Barua hii inaletwa na dada mmoja wa maombi anayerudi Mwingi, maana kwa simu nikisikia sauti yako naishiwa maneno. Tafadhali vaa miwani, ukae chini, usome mwenyewe.

Mama, ni habari ya kifo cha ndugu yangu Musyoka. Tangu tumzike (nasema tumzike, na mimi sikuwepo) unasema mkewe ndiye alimuua, kwa kumtuma awashe pampu apate maji ya kufua. Ulikataa chakula cha Mwende mpaka akachukua watoto akarudi kwao Makueni. Na mimi muda huu wote nimenyamaza, nikijua nilichomwambia.

Unakumbuka ile betri kubwa niliyotuma, ya kutusaidia stima ikipotea? Soketi zake zilikuwa za huku, plagi zetu za miguu mitatu zikakataa kuingia. Musyoka akanipigia. Nikamwambia abadilishe, aweke plagi za miguu miwili.

"Na huu waya wa kijani niupeleke wapi?"

"Kata. Hauna kazi. Huku vitu vingi vina waya mbili tu, na hakuna mtu amekufa."

Akacheka. "Haya, fundi wa Uarabuni! Stima ikinishika nitakuja kukutafuta huko huko."

Nilicheka pia, Mama. Akakata wa friji, akakata na wa pampu.

Juzi fundi wa stima alikuja kwa mwajiri wangu. Nikamuuliza, nikijifanya ni habari ya jirani. Alinieleza polepole. Friji yetu ilikuwa imeanza kuvujisha stima kwa chuma chake, lakini kwa betri ya namna hiyo, ukigusa chuma kimoja unaweza usisikie kitu. Hiyo pampu nayo ikaharibika hivyo hivyo, ila kwa waya ule mwingine wa stima. Musyoka alikuwa ameegemea friji, akanyoosha mkono kwa pampu, stima ikapita katikati yake. Waya wa kijani ungeunganisha vyuma hivyo viwili, na betri ingejizima yenyewe. "Huo waya ungemwokoa," akasema, akainama kuendelea na kazi. Nilienda jikoni nikafungua bomba la maji, nisisikike nikilia.

Nimetubu mbele ya Mungu. Lakini nikipiga magoti naona toba hiyo ni nusu, kama wewe hujui. Mwende aliomba maji tu, Mama. Aliyesema kata ni mimi.

Hiyo betri msiiwashe, hata kwa taa, mpaka fundi aliyesoma kazi hiyo arudishe plagi za waya tatu na akague friji na pampu. Kisha nakuomba uende Makueni, hata kama hutataka kuniona tena. Mpe Mwende asome barua hii.

Nisalimie mjomba mwenye mbuzi kule Tseikuru, shangazi wa kwaya, na watoto wa ndugu yangu ukiwafikia.

Ni mimi binti yako,
Mutheu

Nijibu upesi, Mama. Hata kama ni mstari mmoja, uniambie Mwende amerudi nyumbani.