Maji Uliyoniachia

Kizito,

Umekufa na bado unasifiwa kuliko mimi. Nilitaka nianze kwa upole, lakini wewe unanijua.

Tangu tukuzike nimeendelea na mchezo wetu wa kompyuta peke yangu. Ufukwe wa Kalemie uko ndani ya ile kaski, kofia ya kufunika macho inayokuingiza ndani ya picha: ziwa ulilochora wewe, mji nilioujenga mimi. Kila Jumamosi nawaita watu sebuleni kwetu waujaribu, waniambie kasoro. Mtu anavaa kaski, anatembea kidogo, anafika majini. Halafu, ndugu yangu, anakunja suruali! Akina mama wanapandisha vitenge hadi magotini visilowe, juu ya sakafu kavu ya simenti. Wakivua kaski wanauliza, "Hii maji, nani alifanya?" Nasema ni Kizito. Hakuna aliyewahi kuuliza nani alijenga nyumba.

Na nilijenga, Kizito. Nyumba za matofali za barabara yetu nzima, na ndani nikaweka viti, masufuria, hata kalenda ya parokia ukutani. Wewe ulikuwa unacheka tu. "Jenga, Riziki, jenga. Miye nitaleta maji." Kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Shida ni kwamba picha zilikuwa zinakwama. Mtu akifika ukingoni na kugeuza kichwa, picha inabaki nyuma, tumbo linamchafuka. Binamu yangu alitapika ndani ya beseni la mama. Basi nikasema ni maji ya Kizito, mawimbi yamezidi, mashine haiyawezi. Nilisema haraka, na nilifurahi kusema. Nikayalaza maji yako yote yakawa bapa, nikaondoa na ule mng'ao wa jua uliouhangaikia mwezi mzima.

Jumamosi iliyofuata akaja mama yako. Tangu msiba hakuwa amekanyaga kwetu. Nilimvika kaski, akaenda taratibu mpaka ukingoni, mikono tayari imeshika kitenge. Akakiachia.

"Riziki, hii haiko maji. Hii njo simenti."

Halafu akageuka kuangalia mji, akayumba, nikamdaka. "Hizi nyumba njo zinanizungusha kichwa, mutoto wangu."

Hizi nyumba. Zangu. Maji nimeshayalaza, na kizunguzungu kiko palepale. Kumbe kaski ilikuwa inahema kwa kuyabeba masufuria yangu yote, ndani ya nyumba ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziingia.

Nikuambie ukweli? Nilitaka nimwambie mama yako aende nyumbani, mchezo umekufa na mwanawe. Wivu ulinifikisha hapo. Angeamini, masikini, na asingerudi tena.

Lakini nilimwona akitoka anafuta miguu yake mikavu kwenye kile kitambaa cha mlangoni, kwa mazoea tu ya siku zile alipokuwa akitoka kwenye maji yako. Nikarudi kukaa kwenye kompyuta. Nikatoa viti, masufuria, kalenda. Kila kiti nilikitoa nikikutukana. Nyumba zimebaki kuta na milango iliyofungwa, na maji yako nimeyarudisha yote, na mng'ao wake.

Leo mama yako amerudi. Picha hazikukwama hata kidogo. Amefika ukingoni, amepandisha kitenge, ameingia. Amesimama humo muda mrefu, hataki kutoka. "Iko baridi, Kizito," amesema. Jina langu hakulitaja. Nimelia, na usidhani ni huzuni peke yake.

Haya, pumzika, rafiki yangu. Maji yako hakuna atakayeyagusa tena, hata mimi. Lakini najifunza kuchora mvua, ile yetu inayotokea upande wa ziwa bila kubisha hodi. Nakuahidi nitaichora mpaka mama yako atupe kaski na kukimbia nje kuanua nguo zake kwenye kamba. Siku hiyo wewe ndiye utakayeona wivu.

Riziki wako