Njia Inabeba Wanne

4 Februari

Kaka yangu,

Nimeufuta mchezo wa mama. Nimeliandika hili kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na habari za afya nitajaza karatasi mbili na kutia sahihi bila kulisema. Hakuna mtu mwingine anayejua. Sasa shikamoo. Malengelenge ya tanuri yamepona? Unakula chochote zaidi ya hiyo mikate mnayooka? Ningekupigia, ila nikishika simu maneno yananikaukia, unanijua.

Huenda hujui kinachoendelea hapa nyumbani tangu mama afariki, maana wewe na baba hamjasemezana. Kila jioni baba akitoka karakana ananawa, anakaa kwenye kigoda cha mama, anawasha mashine ya michezo ya video na kufungua nafasi ya kwanza, pale mama alipohifadhi mchezo wake. Hachezi. Wale watu wa mama kwenye kioo wanasimama mbele ya nyumba ya wageni, muziki unapiga, naye anasikiliza mpaka chakula kiive. Moto wa kuchomelea vyuma umeyala macho yake, haoni ila rangi zinazotembea. Kisha anazima na kusema, "Bado wapo." Ndivyo anavyosema usiku mwema siku hizi.

Jumapili shangazi alimchukua kwenda hospitali ya macho. Watamtoa mtoto wa jicho, kwanza jicho moja kisha la pili, atakaa kwa shangazi miezi miwili. Nyumba ilikuwa kimya, shule nimemaliza, nikaanza mchezo wangu mwenyewe kutoka mwanzo. Wakati wa kuhifadhi mashine ikauliza lile swali lake la Kijapani. Unakumbuka alivyotufundisha mama: hatujui kusoma, lakini neno la juu ni ndiyo. Nikabonyeza la juu. Ikauliza tena, nikabonyeza la juu tena. Sikutazama niko nafasi ya ngapi; mchezo wangu ukaandikwa juu ya wa mama.

Atarudi anaona, kaka. Atafungua na kukuta msichana mmoja porini na fimbo yake. Nataka kuujenga upya kabla hajarudi. Wewe ndiye uliyekaa karibu na mama akicheza. Niambie kila unachokumbuka.

Mdogo wako,
Kimya


19 Februari

Mdogo wangu Kimya,

Marahaba. Mikono imepona, imeota ngozi ya mamba. Mzima nipo. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya gunia la unga, msimamizi akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia nimefiwa tena na yuleyule.

Usijilaumu. Huo ndio udhaifu wa kwanza wa michezo hii, na sasa watengenezaji wamefika toleo la kumi na moja: inakuuliza kama una hakika kwa sauti ileile inayotumia kuuliza kama unataka kununua viatu.

Sasa sikiliza. Mama aliishia kijiji cha theluji, mbele ya nyumba ya wageni, akiwa amebakiza ngome ya mwisho tu. Hakutaka kuingia. Alisema akimaliza atafanya nini? Saa ya mchezo wake ilisoma saa mia mbili na kumi na mbili. Usiogope, saa inahesabu hata ukisimama tu, iache mashine inaguruma huku unashona. Chupa za dawa alikuwa nazo tisini na tisa na hakufungua hata moja, kwa kuwa huenda mbele kuna kubaya zaidi. Kupambana na wale panya wa mgodini ili watu wako wapate nguvu kutakuchosha, ni udhaifu mwingine, panya walewale mara mia nne. Vumilia. Ukifika mtoni, sikiliza muziki kabla hujavuka. Hapo hawajawahi kukosea, toka toleo la kwanza.

Nimecheza toleo jipya kwa mwenzangu wa zamu. Picha zake utadhani dirisha. Lakini watu wake wana majina tayari, huwezi kuwapa ya nyumbani kwenu. Na lile toleo la tatu, la mama, nimelikuta limetafsiriwa. Unakumbuka yule adui mwenye joho, ambaye mama alituambia ni mwenye nyumba aliyewafukuza wapangaji wote wa dunia? Kumbe ni mfalme anayetaka kuiokoa dunia kwa kuiteketeza, kama maadui wao wote. Hadithi ya mama ilikuwa nzuri kuliko yao.

Waliokuwa wakitembea ni Fundi, yaani mama mwenyewe. Nyuma yake Kimya. Nyuma yako Bibi, mwenye upinde. Unajua njia inabeba wanne tu hata ukiwa na rafiki saba. Wa nne simkumbuki.

Baba usimpe salamu zangu.

Kaka yako,
Njiti


20 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini zamu hazijakumaliza. Mimi macho yananiwasha, na nguo za watu zimelala kwenye cherehani mpaka mteja mmoja ameniuliza kama nimeanza kusoma uganga.

Nimefika kijiji cha theluji. Panya niliwahesabu mpaka mia tatu nikaacha. Mtoni nilisimama kama ulivyosema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimlilia mama bila kuogopa kusikika, kwa sababu muziki ulikuwa mkubwa kuliko mimi.

Shangazi amepiga simu, baba anarudi Jumamosi ijayo. Daktari amefurahi. Nimemngoja wa nne anijie kichwani, hakuja, na sikuweza kuacha pengo. Mwishoni nimemchukua yule mpiganaji mwenye nyundo, nikampa jina la Mzee, yaani baba. Nani mwingine mama angetembea naye? Wewe nimekuweka pia, Njiti, yule mwembamba wa mikuki, lakini umebaki ndani ya nyumba ya wageni na wengine wasiotembea. Usikasirike. Huko kuna jiko na hawazeeki.

Kama nimekosea niandikie haraka.

Mdogo wako,
Kimya


28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole ya macho. Barua yako imechelewa kunifikia, na hii nadhani itamkuta baba ameshafika. Labda ni bora hivyo.

Nilikudanganya. Wa nne namkumbuka vizuri sana, alikuwa mimi. Njiti mwenye mikuki. Siku niliyoacha karakana na baba akasema nikivuka kizingiti nisirudi, mama alikuwa kwenye kigoda chake. Hakusema neno kwa yeyote kati yetu. Aliingia nyumba ya wageni, akamwacha Mzee jikoni, akanichukua mimi. Aliniandikia baadaye: "Huku nyumbani sina uwezo, lakini kule tunatembea pamoja kila siku." Baba akawa anakaa pembeni yake, akiona rangi tu. Hajawahi kujua.

Nilinyamaza kwa sababu niliwaza akirudi na macho mapya, kitu cha kwanza atakachosoma ni kwamba mkewe alimwacha jikoni. Hata kwa hasira zangu, hilo sikuweza kumfanyia. Kwa hiyo umefanya vizuri bila kujua. Mwache Mzee hapo alipo. Mimi kulala nyumba ya wageni nimeshazoea.

Kaka yako,
Njiti


11 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Afya yako usinifiche, andika ulivyo. Sisi ni wazima. Barua yako ilifika Jumanne. Baba alikuwa amerudi tangu Jumamosi.

Alikaa kwenye kigoda, akavua miwani myeusi, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alisoma majina kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Fundi. Kimya. Bibi. Alipofika kwa wa nne kidole kikasimama.

"Mzee," akasema. "Kumbe muda wote huo alikuwa ananitembeza."

Akacheka. Kisha akalia, akanilaumu kwamba sebule ina vumbi.

Nilikuwa nimefurahi, kaka, mpaka barua yako. Niliisomea chooni mara tatu. Nilichompa baba nilikiiba kwako, na kukirudisha nisingeweza bila kumwambia kwamba mchezo wa mama haupo tena. Siku mbili sikuweza kumtazama. Alidhani namwonea haya kwa sababu sasa ananiona.

Alhamisi alifungua kama kawaida, lakini hakunyamaza. Aliniuliza kama mama hakumweka yule wa mikate. Hajakutaja kwa miaka mitatu. Nikasema yupo, yuko ndani. Akaniambia nimwonyeshe. Tukaingia nyumba ya wageni, na ulikuwa karibu na jiko, umeshika mkuki wako.

"Anangoja nini?"

"Kuitwa, baba."

"Basi mwite."

Nikamweleza kwamba njia inabeba wanne tu, ndivyo walivyoutengeneza, akiingia mmoja lazima atoke mmoja. Akasema huo ni upungufu mkubwa kwa watu wenye akili kiasi hicho.  Muziki ulizunguka ukarudi mwanzo, ukazunguka tena.

"Nitoe mimi," akasema. "Nimeshatembezwa vya kutosha."

Nikamtoa. Mzee akaenda kukaa jikoni, wewe ukatoka kwenye theluji, ukasimama nyuma ya Bibi. Mashine ikauliza swali lake. Nilitazama nafasi mara mbili, ndipo nikabonyeza neno la juu. Baba akasema, "Bado wapo," akaenda kula.

Sitakudanganya, hajasema urudi. Sijui kama alikuwa anasema habari za mchezo tu, na kuuliza siwezi. Ninachojua ni kwamba watu wote wamesimama pale mama alipowaacha, hata chupa ni tisini na tisa, ila mama mwenyewe hakuwaweka, na mimi peke yangu ndiye ninayelala na hilo. Sasa ni mimi na wewe.

Ukija siku moja, naye akakukalisha karibu na kigoda akuonyeshe, tazama kama mtu anayeona kwa mara ya kwanza. Usimwambie kwamba ulikuwepo tangu awali. Usimwambie nilichofuta. Barua hizi zichome kwenye tanuri lenu, uanze na hii, na yaliyomo yabaki kwako.

Mdogo wako,
Kimya