Majani ya Mgomba Wako Yamesema, Mwalimu Remigius

Mwaka umezunguka, Mwalimu Remigius, tangu asubuhi ile ya masika ulipokaa barazani ukaomba maji, na maji yalipofika wewe hukuwepo tena. Mkeo Natalia mpaka leo hajui kile kikombe akiweke wapi. Kabatini hakiingii, mezani anakiona kila saa. Amechoka, Mwalimu. Tunakuambia wewe kwa sababu wengine akiwaambia wanamjibu apumzike.

Ulikuja Mahege, huku Rufiji, ukiwa kijana, umetoka Bukoba kuja kufundisha hesabu. Ulishuka na sanduku la bati na chipukizi la mgomba kutoka kibanja cha baba yako, lile shamba la migomba la ukoo, umelifunga kwa magome na kulinyunyizia maji njia nzima, melini na kwenye treni. Watu wa hapa walicheka. Jirani yetu Mtoro ndiye aliyeanza: "Mhaya huyu kaja na chakula chake, anadhani sisi huku twala matope." Ulicheka pamoja naye, kisha ukamwomba akuazime jembe. Tangu siku hiyo hamkuachana, na utani haukuisha mpaka unazikwa.

Ulikuwa mpole, pengine kupita kiasi. Mtoto akikosea hesabu ulimwambia, "Haya, tuanze tena," hata kama mlishaanza tena tangu asubuhi. Kila aliyemaliza darasa la saba ulimpa chipukizi akapande kwao. Mikono yako ilinuka chaki, na mashati yako yote yana madoa ya utomvu wa mgomba. Natalia aliyafua mpaka akakata tamaa, na sasa hayafui tena.

Biashara ilipofunguliwa na malori ya Dar yakaanza kufika kutafuta ndizi kubwa za kuivisha, wengi waling'oa migomba ya zamani. Wewe ulibaki na yako nyuma ya nyumba. Ukiambiwa umepitwa na wakati, ulijibu kwamba wakati ukitaka ndizi utarudi.

Natalia alijua ulichotaka. Kwenu mtu hulazwa kibanjani, kati ya migomba ya wazee wake, na ulikuwa umelisema hilo mara nyingi mezani. Lakini ulikufa mvua zimepamba moto. Barabara ya Kibiti ilikuwa imekatika, malori yamezama matopeni, na maiti haingojei barabara. Akaamua ulazwe nyuma ya nyumba. "Migomba ya baba yake ndiyo hii," alisema. "Mimi sina kibanja kingine cha kumpa."

Kaka yako Zebedayo alifika kaburi limeshafukiwa. Hakukaa kwenye mkeka. Alizunguka migomba, akashika shina moja, akalitazama jani juu na chini.

"Shemeji," alisema, "huu si wa kwetu."

"Ni udongo, shemeji. Huku chini joto, hata mkungu hubadilika."

"Mgomba wa baba naujua. Mdogo wangu amelazwa ugenini, na mimi nitakuja kumtoa."

Basi hapo ndipo mwanafunzi wako Shedrack alipoingia kati. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akikataa kutoka darasani hata kengele ikilia. Siku hizi ni mtafiti, anatafuta asili ya migomba, na majani ya migomba yako alishayakata ungali hai, ukimshikia ngazi. Alieleza kwamba kuna mashine inayosoma vinasaba vya mmea herufi kwa herufi. Migomba miwili ya shina moja husomeka sawa, hata mmoja ukiwa Bukoba na mwingine Rufiji. Alisema atakwenda kibanjani kwenu akate majani huko pia, ayalinganishe.

Zebedayo aliliachia lile shina. "Majani yaseme," alisema. "Yakisema ni wa baba, alale. Yakisema siyo, nakuja na jembe, na mtu asinizuie." Natalia alikubali mbele ya watu wote. Hakuwa na shaka hata chembe, maskini.

Mwaka wenyewe umekuwa mrefu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini zahanati alipita kaburini kwako, akafagia majani makavu, akasimama kidogo. Jioni vivyo hivyo. Bintiyo Vicky alimwomba ahamie kwake Dar, akajibu kwamba hawezi kumwacha mtu peke yake wakati kesi yake haijaisha.

Mwezi uliopita Shedrack alirudi. Alikaa barazani akaongea habari za mvua, na Natalia akajua.

"Sema tu, mwanangu."

"Siyo, Mama. Huu haufanani kabisa na wa Bukoba. Unasomeka sawasawa na ule wa mzee Mtoro, kule mtoni."

Mtoro aliitwa, akaja akiangalia chini. Ikabidi aseme. Ule mwaka wa mafuriko, ulipokuwa umelazwa Dar kwa sababu ya mguu, maji yalikaa nyuma ya nyumba mpaka migomba yako yote ikaoza. Natalia alikuwa nawe hospitalini, hakuona.

"Nikajiuliza, Mama Vicky, mtu atoke hospitali na gongo, akute mashimo? Nikachimba ya kwangu, nikaipanda palepale ilipokuwa yake."

"Na miaka yote hiyo hakujua?"

"Alijua. Siku aliyorudi aliitazama, akanitazama, akaniambia, 'Mtoro, migomba yangu imenenepa.' Basi. Hatukulisema tena."

Natalia hakukasirika. Hakuwa na nguvu za kukasirika. Alikumbuka ulivyokuwa ukizimenya zile ndizi, ukizila kwa mchuzi wa samaki na kuzisifu mbele ya Mtoro, na yeye Mtoro akila huku ameinamia sahani. Mwalimu, ulikuwa mtu wa namna gani wewe. Lakini ahadi ilishatolewa, na Shedrack alishampelekea Zebedayo jibu lilelile. Asiyekubali kushindwa si mshindani, alisema Natalia, akaingia ndani akafunga mlango.

Jumamosi kaka yako akaja. Natalia alimwona anashuka kwenye lori pale njia panda, jembe mkononi, gunia begani. Alilitazama lile gunia, akakaa kizingitini. Alijua gunia la namna ile hubeba nini mtu anapokuja kuhamisha kaburi.

"Shemeji, nakuomba," alisema. "Mwache. Nitakupigia magoti mbele ya yeyote unayetaka, lakini mwache."

"Ngoja kwanza."

Zebedayo alilitua gunia taratibu, akafungua kamba. Ndani mlikuwa na chipukizi la mgomba, limefungwa kwa magome, bado lina unyevu.

"Yule kijana alifika mpaka kibanjani," alisema. "Aliniambia mgomba huu tunaoula hauna mbegu ya kupeperushwa na upepo. Popote uuonapo, kuna mtu aliubeba. Nikamwambia wetu ni wa pale pale tangu mababu. Akasema hata huo, asili yake ni ng'ambo ya bahari, mbali sana, ukapita mikono ya watu tusiowajua mpaka ukafika kwa baba. Nililala na neno hilo wiki nzima, shemeji. Mwaka jana nilikuja kumchukua. Mwaka huu nimemletea."

Walichimba shimo upande wa kichwani kwako, karibu na migomba ya Mtoro. Mtoro mwenyewe alisimama pembeni akitazama, akashindwa kunyamaza. "Na huu nao ukioza, je?"

"Utapanda wa kwako," alisema Zebedayo. "Si ndiyo kazi yako?"

Natalia alicheka, kisha akalia, kisha akaingia ndani. Alitoka na kile kikombe, kimejaa maji. Uliyaomba mwaka mmoja uliopita, Mwalimu. Alikimimina chote kwenye shina, akakiacha pale pale chini, kimefudikizwa.

Wanaokukumbuka ni mkeo Natalia, bintiyo Vicky na mumewe, wajukuu zako, kaka yako Zebedayo na ukoo wote wa Bukoba, mwanafunzi wako Shedrack, na jirani yako Mtoro, ambaye amesema kama jina lake halimo humu atakuja kung'oa migomba yake.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Lala, Mwalimu. Hakuna anayekuja kukuamsha.