Mpira wa Maji Niliousahau Juu ya Paa

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limo kwenye kitabu cha kituo, mtaani naitwa Bi Harusi.
Umri: miaka 24. Elimu: kidato cha nne.
Kazi: mkulima wa mboga.
Makazi: ghorofa ya kwanza, jengo la nyuma ya soko.

Mimi ni mke wa mtu mliyemleta hapa jana. Tumeoana siku ishirini na tatu tu. Shamba letu liko juu ya paa: magunia arobaini ya mchicha, spinachi na nyanya. Gunia hutobolewa ubavuni miche ichomoze, na katikati huwekwa kokoto za kupitisha maji. Mume wangu alipandisha udongo wote ndoo kwa ndoo, ngazi sitini na mbili. Sasa tunauzia hoteli mbili na jengo zima. Afande, mikono ile ninaijua. Haiwezi kumharibia jirani kitu kwa makusudi.

Kila gunia hupewa makopo mawili ya maji, na humwagilia yeye. Jana Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa sita, saa 12:15 asubuhi, nilimwona amelala, amechoka, mzuri mno. Nikasema leo apumzike. Makopo niliona yatanichelewesha kurudi kwake. Nikachomeka mpira wa tangi kwenye kokoto za gunia la kwanza, nikafungulia, nikashuka kuchemsha chai.

Aliamka akanikuta jikoni. "Mke wangu, chai ya kijiji kizima hiyo?" Maana nilijaza sufuria. Tukacheka, tukanywa, maneno hayakwisha. Mpira nikausahau kabisa. Kokoto hunywa maji kimyakimya, na maji hutokea chini ya gunia.

Saa 2:40 tulisikia kelele za fundi cherehani, ambaye chumba chake kiko chini ya magunia. Dari ilivuja, suti tano za wateja zikalowa. Tulipanda mbio, tukamkuta juu ya paa. Alimwambia mume wangu, "Umenikomoa, kijana! Kwa sababu ya kamba ya nguo?" Wiki iliyopita waligombana juu ya kamba ya kuanikia ambayo fundi aliifunga kwenye magunia yetu.

Mume wangu alitazama mpira, akanitazama mimi. Akasema, "Mzee, nimefungulia mimi." Nilisimama na kikombe mkononi. Saa 4:00 askari walimchukua.

Dada yake aliniambia, "Wifi, funga mdomo. Amejitwisha mwenyewe."

Leo saa 1:00 asubuhi nimemwagilia kwa kopo, magunia yote arobaini, ndipo nikaja. Afande ameniuliza kama najua kwamba ninaweza kubaki hapa mimi badala yake. Najua. Nikinyamaza, hata akirudi nitashindwa kumtazama usoni, na mimi napenda sana kumtazama.

Nimesomewa niliyoyasema, na ndivyo ilivyokuwa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, saa 4:25 asubuhi. Mume alipoulizwa tena, ameshikilia kuwa ni yeye. Mke naye ameshikilia kuwa ni yeye. Nimewaketisha benchi moja. Nyongeza: fundi cherehani amefika saa 5:10, amewatazama kwa muda, na ameomba lalamiko lake lisomeke "uzembe", si "makusudi".