Breki za Lori la Kijiji

Mama, shikamoo.

Kuku wamekula. Maharage nimeyachagua, yako kwenye sufuria. Nimechukua kanga yako ya zamani, yangu imelowa grisi.

Asubuhi nilimkanyagia Baba pedeli ya lori la kijiji huku akitoa hewa kwenye breki zile kubwa alizolifungia, alizochagua kule Mikumi kutoka kwenye lori la Zambia lililovunjwa kwa vipuri. Mwenyekiti Donati akaja kumtania mbele za watu. "Ndugu Timotheo, lori la kijiji limeingia mashindano? Breki za kawaida zingetosha."

Baba akajibu kwa upole, "Za kawaida zinapata moto na kulegea kabla mteremko haujaisha, Mwenyekiti. Na nyinyi mnakaa juu ya magunia."

Kisha akakataza mtu yeyote kupanda leo. Atashuka mlima peke yake kwanza, na shehena ya mchanga, azijaribu. Chuoni tuliandika sana juu ya utu, Mama. Leo nimeuona umevaa ovaroli.

Mwenyekiti akavua koti, akapanda kiti cha mbele. "Nimebisha hadharani, nitashuka hadharani."

Baba akamkubalia, akamfungia mlango.

Mimi nimekataliwa kabisa kupanda. Nakimbia njia ya mkato nikawangoje bondeni. Mwandiko huu ni wa haraka, nisamehe.

~~Usipike mpaka turudi.~~

Pika, Mama, na Mwenyekiti umhesabu. Watarudi na njaa.

Binti yenu mkubwa,
Yunis