Skrubu ya Mwendo

Mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini hujambo na kile kifua kimekuachia. Sisi tu wazima. Baba anakula vizuri na kulalamika vizuri zaidi. Mimi ndiye sijielewi, nivumilie.

Ile santuri ya kizamani uliyoniomba nitengeneze, ile isiyotumia sahani bali bomba la nta lenye ukubwa wa glasi, imepona. Springi ilikuwa imekatika, nikatia ya saa ya ukutani. Kisha nikapachika lile bomba ambamo baba alimrekodi mama akikuimbia, muda mfupi kabla hajafariki, wewe ukiwa bado unanyonya. Najua unachokisubiri, maana sauti yake huikumbuki hata chembe.

Basi nikazungusha mpini, na mwanamke akaimba kwenye ile pembe ya kutolea sauti, sauti nyembamba, ya mbiombio. Shangazi, ambaye unajua mdomo haumkai, akasema ndiye wifi yake huyo, akaanza kulia. Baba akatikisa kichwa, akasema mkewe hakuwa na sauti ya kifaranga.

Nikakumbuka kuna skrubu ya kupunguza mwendo. Nikaigusa kidogo, sauti ikawa nzito, ya upole. Baba akasema hapo sasa, ndiye. Shangazi akaja juu, akauliza huyo mwanamume katoka wapi. Nikakaza, nikalegeza, kijasho kikanitoka, na kila nikiipiga nta inazidi kuliwa na sindano. Mimi nami nilikuwa mdogo mno wakati ule, kila sauti naiona ndiyo. Sijui nishike lipi niache lipi.

Shangazi alipokwenda zake nikamwomba baba aniambie kweli, skrubu niiache wapi. Akawa anaifuta pembe kwa shati lake. Ndipo akasema sauti ya mkewe ilimtoka kichwani zamani, na ile nzito aliikubali kwa kuona aibu mbele ya dada yake. Mdogo wangu, niliumia sana. Kumbe miaka yote hii amekuwa akimlilia bila kumsikia.

Ameomba nisiipige tena mpaka uje. Anasema wewe ndiye uliyekuwa ukiimbiwa, basi skrubu uizungushe wewe kwa mkono wako. Popote utakapoishia, yeye atasema ndiye.

Nisalimie shemeji, na usikawie, nta yenyewe imebaki kidogo.

Ni mimi kaka yako,
Mzee wa Spana