Ukurasa wa Nne wa Auleria

Jumamosi, 13 Desemba 2025
Mdogo wangu Auleria amefika. Miaka mitatu Ujerumani, na mama kamtambua kwa kikohozi tu, kabla hajashuka kwenye pikipiki. "Mwana wanje! Mwana wanje!" Mwanangu, mwanangu, kwa kilugha chetu. Mimi nilikuja juzi kutoka Ngara mjini, ninakofundisha, na sukari kilo tano, nikaambiwa niiweke pale.
Mbuzi kachinjwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji nimepona kwa kumenya mkungu mzima wa ndizi.
Amenenepa kidogo. Inampendeza. Inaniudhi.

Jumapili, 14 Desemba
Baada ya ibada watu walijaa uani. Katekista Gervasi akamuuliza hiyo fizikia yake inahusu nini hasa. Akaeleza: chembe za msingi zimekuja familia tatu. Chaji zile zile, tabia zile zile, ila uzito unapishana vibaya mno. Yeye anatafuta ulinganifu uliozigawia uzito huo, kule juu kabisa kwenye nishati ambako nguvu zinakuwa moja. Watu wakamsikiliza kama wanasomewa barua ya askofu. Mwishoni Gervasi akanigeukia mimi, eti na mwalimu naye anajuajua kidogo.
Kidogo! Likizo zote za kidato cha sita nani alimfundisha, kwenye meza hii hii? Nani alianza hesabu hizi hizi chuo kikuu, akaacha shahada ya pili katikati ili baba, mzee Anastazi, asife bila mtu wa kumgeuza kitandani? Alipokufa, nafasi ilishapita. Akaenda yeye.
Nina wivu. Basi, nimeliandika.

Jumanne, 16 Desemba
Kanipa makala yake. Kurasa kumi na moja. Nipitie, anasema, Ijumaa anaituma kwa profesa wake, na profesa akiikubali anaongezewa miaka miwili ya utafiti. Bila hiyo, masomo yanaishia hapo.
Nimesoma mara mbili. Ni nzuri! Ndicho kinachoniuma. Wengine wote, ili familia ya pili ikae sawa, wanalazimika kuingiza namba tatu: kule juu myuoni ana uzito mara tatu wa kwaki s, chembe mbili za familia hiyo. Yeye kaifuta tatu. Kwa ulinganifu wake wawili hao wanatoka sawasawa, bila kulazimisha. Nilijiuliza kwa nini sikuliona mimi.
Halafu ukurasa wa nne, jedwali. Myuoni kampandisha hadi uzito wa kule juu. Kwaki s kamwacha na uzito wa chini, wa maabara. Lakini kwaki hupungua uzito sana kadiri nishati inavyopanda! Ukimpandisha naye, usawa wote unakwisha na tatu inarudi.
Mtoto wa hapa Murusagamba kupima maharage yaliyolowa mvua na maharage makavu kwenye mzani mmoja! Hapa mnunuzi hata kiroba hagusi kabla hajang'ata punje kujua kama imekauka.
Nimecheka peke yangu chumbani. Sio kicheko kizuri.

Jumatano, 17 Desemba
Tulikuwa tunaanika maharage kwenye turubai, mimi na yeye na mama. Mama hajanyamaza tangu asubuhi: Auleria hivi, Auleria vile, Auleria usiiname, utaumia mgongo. Na mgongo wangu?
Akaniuliza, dada, umeona kitu?
Mdomo ulishafunguka. Nilikuwa nasema. Mama akadakia, mwache mwenzio, umsahihishe wewe, yeye ni wa Ulaya?
Nikasema, iko safi.
Maneno mawili. Akanikumbatia, mikono yote vumbi.

Ijumaa, 19 Desemba
Kapanda kilimani kwenye mtandao, kaituma. Nilikuwa na saa mbili nzima za kumkimbilia. Nikafua mashuka. Yalikuwa masafi.
Karudi anacheka. Kumbe kaweka jina langu! Mwandishi wa pili. Anasema mbegu ya wazo ilitoka kwenye daftari langu la chuo, lile la jalada la bluu, alikwenda nalo Ujerumani bila kuniambia. Alitaka kunishtua.
Kanishtua.
Nikamwambia atoe jina. Akasema dada, acha unyenyekevu.

Jumapili, 21 Desemba
Gervasi katusimamisha wote wawili mbele ya waumini wa kigango. Makofi, vigelegele. Mama kalia, na safari hii kanishika mkono mimi. Miaka kumi na miwili nimengoja kushikwa hivyo. Siwezi hata kuufurahia.
Nitamwambia leo jioni.
Sikumwambia.

Jumatatu, 22 Desemba
Saa nne asubuhi. Auleria karudi mbio kutoka kilimani. Profesa kajibu. Hakusoma zaidi ya ukurasa wa nne, anauliza nani alikagua lile jedwali, na anataka maelezo leo kabla hajafunga ofisi kwa Krismasi.
Nilidhani angekuwa analia. Amekasirika — lakini amemkasirikia profesa! Kasimama nje ya mlango wangu, namsikia anamsimulia mama. Anasema kamjibu tayari: jedwali limekaguliwa na dada yangu, na dada yangu hakosei, rudia wewe hesabu zako.
Kamwandikia hivyo. Profesa!
Anagonga. Dada, lete kalamu, twende wote kilimani, umweleze mwenyewe kwa simu.
Nimesema nakuja, navaa viatu. Viatu ninavyo miguuni.